Kwa Nini Mama Deo Hakuitika

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza wazee hapa Birmingham, kaeni. Mimi nimeshakaa. Tangu nistaafu nimekaa vizuri sana: kutoka kwenye kochi langu hapa Winson Green mpaka kwenye birika ni hatua tisa, na nikiona dalili ya kumi naahirisha chai. Watu huniuliza mbona sisafiri, mbona siendi kuona dunia. Niliiona. Nilitoka Voi mpaka hapa, nikafanya kazi miaka ishirini na miwili katika makao ya wazee kule Ladywood, nyuma ya yale maghorofa, na dunia yote ilikuwa ikiletwa kwangu kwa kiti cha magurudumu.

Msinitazame hivyo. Najua mmekuja na vyeti. Mimi nilikuja na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo mpaka leo ni siri ya familia. Kazi nilifundishwa na Bi. Surinder, Mkalasinga aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hakikushika kutu hata baada ya miaka arobaini ya mvua ya huku. Siku yangu ya kwanza aliniambia nijifunze ile winchi ya kumwinulia mtu kitandani. Mimi, kwa bidii ya mgeni, nikajifunga mwenyewe nione inavyofanya kazi, nikabonyeza kitufe cha kupanda, na rimoti ikaniponyoka. Nikabaki nikining'inia katikati ya chumba kama gunia la bandarini.

Bi. Surinder aliingia, akanitazama, akavuta kiti, akafungua chupa yake ya chai.

"Dada, nishushe."

"Sasa unajua mgonjwa anavyojisikia akiwa huko juu na wewe unaongea na simu."

"Nimejua. Nishushe."

"Bado hujajua vya kutosha," akasema, akamimina kikombe cha pili.

Mengi ninayoyajua yalitoka kwa mwanamke yule. Taulo liwekwe juu ya hita kabla ya kumwogesha mtu, maana hakuna utu katika taulo baridi. Kitambaa cha uso mpe mwenyewe ajifute, hata akijifuta kidevu tu. Uso ni wake. Usimuulize mzee kama anataka kuoga, atakataa kama ambavyo ungekataa wewe. Muulize tuanze na miguu au mgongo. Na kaa chini kabla hujaongea. Mtu aliyesimama juu yako anasikika kama polisi hata akikuuliza habari za asubuhi.

Halafu kulikuwa na foleni yake ya lawama. "Mtu asipokujibu," alisema, "wa kwanza kulaumiwa ni wewe. Wa pili ni betri ya kile kifaa cha sikioni. Wa tatu ni nta. Mgonjwa ni wa mwisho kabisa, na mara nyingi duka hufungwa kabla hajafikiwa."

Siku hizo tuliandika kwenye madaftari makubwa. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya kiasi kwamba ujinga wangu haukusomeka, na hiyo ilikuwa salama ya wengi. Siku hizi mnabonyeza simu: amekula, amekunywa, amekwenda chooni. Kila mnachobonyeza kinakwenda mbali, kwa watu msiowajua, na kinasomeka vizuri sana. Simu zitawasahihisha herufi. Ujinga hazisahihishi. Nawaambia kwa sababu kosa langu kubwa nililifanya kwa simu, nikiwa na uzoefu wa miaka kumi na saba, siku ambayo nilijiona mtaalamu. Makosa madogo mtayafanya wenyewe bila msaada wangu.

Mwishoni mwa baridi moja aliletwa kwetu bibi mwembamba aitwaye Perpetua. Alikuwa Mtanzania wa kule magharibi ya ziwa, ambako zamani walikuwa na wafalme wao, kila mmoja na vilima vyake. Mumewe, karani wa forodha, alikuwa amefariki, na mwanawe Deo ndiye aliyemleta Uingereza. Deo ni mfamasia, anaishi Perry Barr, mtu wa miaka sitini hivi mwenye ndevu za mvi na masikio makubwa. Alikuwa mtoto wa pekee, na alilitaja hilo kama mtu anayetaja cheo.

"Mimi ndiye kifungua mimba na mimi ndiye kitinda mimba," aliniambia siku ya kwanza, akinishika mkono. "Mama hana mwingine wa kumsumbua."

Meneja akafurahi: kwa kuwa nazungumza Kiswahili, bibi akawa wangu.

Wenzangu Waingereza walimwita Pepi, na yeye aliwatabasamia wote sawasawa, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti na kuruhusiwa kucheka. Mimi nikasema, hawa hawana adabu. Mwanamke mzima haitwi jina la ubatizo kama mtoto wa shule. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi mwenyewe ni Mama Mercy. Mercy amezaliwa hapa, nikimpigia simu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini jina lake nimelivaa kama kanga na silivui. Basi nikaingia chumbani kwa heshima zangu zote, nikainama kidogo.

"Shikamoo, Mama Deo."

Kimya. Bibi alikuwa anatazama maegesho ya magari.

"Shikamoo, Mama Deo!"

Kimya tena. Shikamoo isiyojibiwa, wanangu, ni kofi. Nikaona labda hasikii. Lakini dakika tano baadaye, bila kuulizwa na mtu, akainua kikombe na kusema, "Hii ni chai, au mmeoshea vyombo humu?"

Ikawa hivyo kila siku. Akitaka kusema, anasema, na anakuchoma mpaka mfupa. Ukimwita, hayupo. Nikaifuata foleni ya Bi. Surinder. Nikajilaumu mimi: nikakaa chini, nikaongea taratibu. Hakuitika. Betri: hakuwa na kifaa. Nta: nikampeleka kwa mpimaji wa masikio, akamfungia kwenye kile kibanda chao, akatoka akisema mama huyu ana masikio ya msichana. Nilimwomba arudie, sikumsikia vizuri. Aliyehitaji kibanda nilikuwa mimi.

Basi kwenye foleni akabaki mgonjwa mwenyewe. Nikatoa simu ya kazi nikaandika: *Hajibu anapoitwa.*

Wiki hiyohiyo tukaanza kitabu chake cha maisha. Hicho ni kitabu kinachowekwa kando ya kitanda cha kila mzee, chenye picha na habari zake, ili hata mfanyakazi wa siku moja ajue anamwosha nani. Tukafika ukurasa wa watoto. Nikauliza wangapi. Bibi akainua vidole viwili.

"Mama Deo," nikamwambia, kwa sauti ile ya kuongea na kasuku, "ni mmoja. Ni Deo. Huyo wa pili ni nani tena, mume wako?"

Vidole vikabaki palepale, viwili, mbele ya pua yangu. Nami nikaandika: *Anachanganya idadi ya watoto wake.* Kisha nikapanda basi nikarudi kwenye kochi, nimeridhika kama mtu aliyegundua dawa.

Haikupita muda meneja akaniita ofisini. Barua imekuja. Kuna afisa wa ustawi wa jamii anakuja Alhamisi kumpima upya Bibi Perpetua, kwa sababu mtu asiyeitika na asiyejua watoto wake anahitaji nyumba ya aina nyingine, ya milango inayofungwa. Nafasi iliyopatikana ilikuwa nje ya jiji kabisa, mabasi mawili na mwendo wa miguu, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia shikamoo. Deo, ambaye alikuwa akipita kila jioni akitoka kwenye duka la dawa, angemwona mama yake Jumapili tu, mvua ikiruhusu.

"Wametoa wapi maneno haya?" nikauliza, nimekasirika.

Meneja akageuza kompyuta. Yalikuwa maneno yangu. Sentensi mbili, herufi zote sahihi.

Nikampigia Bi. Surinder, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, nikamsimulia yote.

"Hao watoto wawili ni akina nani?" akauliza.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nilimsahihisha."

Nikamsikia akiweka kikombe chini. Halafu akasema, "Ningekuacha kwenye ile winchi."

Kesho yake niliweka taulo kwenye hita, nikaleta karai la maji ya moto, nikakaa sakafuni miguuni pa bibi. Magoti yangu yakalalamika; niliyaambia yanyamaze, mwenye kosa hachagui kiti. Nikaosha mguu wa kwanza, nikaosha wa pili, nikapaka mafuta.

"Bibi, nisamehe. Ulinionyesha vidole viwili nikajifanya mwalimu wa hesabu. Wa kwanza ni nani?"

Akautazama mguu uliopakwa mafuta.

"Umechelewa," akasema. "Lakini miguu unaijua. Anaitwa Koku."

Perpetua alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa cherehani kwenye misheni, akaitwa nyumbani kwa mfalme kupunguza kanzu zake. Mfalme alikuwa kijana bado, na mfupi kuliko picha zake.

"Aliniita kupima mikono mara nne," bibi alisema. "Mara nne! Mtu mzima yule, mikono haikuwa inakua."

Mfalme alikuwa na mke wake wa ndoa ya kanisani. Kwa hiyo Perpetua hakuwa mke, na hakuwa siri pia. Kila mtu alijua na kila mtu alikatazwa kujua. Alijengewa nyumba ya mabati nyuma ya mibuni, na humo akazaliwa Kokugonza, ambaye waliomjua, nao hawakujaa hata benchi moja, walimwita Koku.

Aliishi miezi kumi na mmoja. Alikuwa na meno mawili ya chini na aliyatumia kwa kila kitu, pamoja na watu. Akiona mbuzi anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Hakulala mpaka ashike sikio la mtu, na akigundua kwamba sikio limebadilishwa, anaamka. Mfalme aliacha gari mbali, anakuja kwa miguu na kopo la maziwa ya unga kwapani kama mtu aliyetumwa dukani, anasimama mlangoni na kusema, "Hodi, Mama Koku." Katika ufalme mzima hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Majirani waliogopa, walimsalimu kwa kukohoa. Kuna siku mfalme alipita akielekea kwenye baraza, kanzu nyeupe ya sherehe, akambeba mtoto dakika moja tu, na mtoto akamlowesha kuanzia kifuani hadi magotini.

"Wazee wanasubiri, ngoma zinapigwa," bibi alisema, mabega yakimtikisika kwa kicheko, "na mimi nakausha ufalme kwa pasi ya mkaa."

Kisha ikaja homa, siku tatu. Nilimwona akizihesabu kwa vidole, polepole. Walimzika kwenye mibuni. Ngoma haikupigwa, na Perpetua aliambiwa asilie kwa sauti, maana anayelia lazima aseme anamlilia nani. Mfalme alileta kitambaa cheupe kwa mkono wa mtu mwingine. Kabla mwezi haujaisha wajomba walikuwa wamempata karani wa forodha, mbali, mtu mwema aliyejua yote na akaomba jambo moja tu, kwamba lisizungumzwe. Akazaliwa Deo. Mtaa mzima ukamwita Mama Deo.

"Na mimi nikaitika," alisema. "Nimeitika miaka sitini. Kila mkiita hivyo mnamruka yule mtoto kama watu wanaoruka dimbwi. Sasa nimezeeka. Nikasema siitiki tena, watanifanya nini?"

Nikasukuma karai pembeni. Watu wote waliomhudumia walikosea kwa kutojua. Mimi peke yangu nilikosea kwa adabu.

"Tumwambie Deo," nikasema mwishowe.

"Thubutu! Deo anajiona wa kwanza. Ukimnyang'anya hilo atabaki na nini? Masikio? Apa hutamwambia."

Nikaapa.

Alhamisi ikafika. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, na kompyuta ndogo mapajani. Deo alikuja na mfuko wa ndizi mbichi za kupika, akasahau kuuweka chini, akabaki ameukumbatia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikuwa nimemwambia bibi mapema kwamba leo ndiyo siku yenyewe, ajibu tu, na alikuwa amenielewa. Lakini sikuwa nimefikiria kwamba Deo atakuwa chumbani.

"Perpetua?" afisa akaita. Bibi akatoa tabasamu la pasipoti.

"Mama, mjibu basi," Deo akasema. "Tafadhali."

Afisa akaniambia nimuulize ana watoto wangapi. Nikauliza. Bibi akamtazama Deo. Kisha akanitazama mimi, na mikono ikabaki chini ya blanketi. Hapo ndipo nilipoelewa alivyonaswa. Akisema mmoja, amemzika Koku mara ya pili. Akisema wawili, amemvua Deo cheo chake mbele ya mgeni. Kwa hiyo hakusema kitu.

"Mmoja," Deo akamjibia. "Ni mimi."

Vidole vya afisa vikaanza kuandika. Sikuhitaji kuchungulia. Nilijua anachoandika, mimi ndiye niliyeanza kukiandika.

Wanangu, kiapo ni kiapo, na mkiulizwa semeni sikuwafundisha hili. Nilipiga magoti, nikamshika bibi mikono juu ya blanketi, nikasema, "Mama Koku."

"Abee!"

Aliitika kwa nguvu hata afisa akashtuka. Ilikuwa sauti ya msichana aliyeitwa kutoka jikoni.

"Koku ni nani?" Deo akauliza.

Sikugeuka. "Mama Koku, una watoto wangapi?"

Akavuta pumzi. "Wawili," akasema. "Mmoja nilimzika. Mmoja yule pale, ndizi zitamwozea kifuani."

Nikatafsiri. Afisa akaacha kuandika, akasubiri. Deo alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.

"Alinitangulia?"

"Alikutangulia."

"Kwa hiyo mimi ni wa pili."

"Wa pili," mama yake akasema. "Umekalia kiti cha dada yako miaka sitini, hata asante hujatoa."

Nilimwona Deo usoni akihangaika, akiwa hajui aanze na lipi, hasira au machozi. Bibi naye akanigeukia mimi. "Na wewe uliapa."

"Niliapa, Mama Koku."

"Utachomwa moto."

"Ndiyo, lakini utakuwa hapa hapa Ladywood, unione ninavyoungua."

Deo akauliza, taratibu, "Baba yake ni nani?"

"Mfalme."

Nimwambie nini yule afisa? Kwamba mgonjwa wangu, aliyeletewa watu kuhakikisha ana akili timamu, anasema alizaa na mfalme? Neno hilo likiingia kwenye ile kompyuta, kesho asubuhi gari linakuja kumchukua. Na afisa alikuwa ameshainama mbele, ananiuliza, wanasema nini?

Nikamwambia anamjulisha mwanawe kwa dada yake.

Ni tafsiri bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na haikuwa na uongo hata kidogo. Afisa aliwatazama wale wawili kwa muda, mama ameshamkamata mwana mkono, mwana anauliza na mama anajibu, mmoja hajamaliza mwingine ameanza. Akafunga kompyuta. Akasema huyu mama anaitika vizuri kabisa, na watoto wake anawajua kuliko walivyojuana wenyewe, abaki papa hapa.

Deo hakumsikia. Alikuwa anataka kujua kama dada yake alikuwa mkorofi.

"Mno," mama yake akasema. "Angekuwa hai, mpaka leo angekutuma dukani, na ungekwenda."

Na Deo, mtu wa miaka sitini mwenye ndevu za mvi, akajifuta macho kwa mfuko wa ndizi, akacheka kama mdogo wa mtu.